Sinia na Ngozi Yake: Historia ya Masinia ya Chuma Yaliyopakwa Vanishi na Hoja ya Kuhifadhi Tabaka la Asili

1. Utangulizi

Sinia ni neno ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hulitamka kila siku bila ya kulishuku kuwa ni geni. Wali wa shughuli hupakuliwa katika sinia, wageni wakalizunguka, wakanawa, wakala pamoja. Hata hivyo, wanaisimu wanafahamu kwamba neno hili limetokana na neno la Kiarabu siniyya, nalo linatokana na Sin, yaani Uchina. Kwa maana yake ya mwanzo, basi, sinia ni kitu cha Kichina. Watumiaji wa chombo hicho wamekwisha kuisahau nchi hiyo, lakini jina bado linaitaja.

Mhadhara huu unakusudia kuchunguza sinia la aina moja tu: sinia la bati la chuma lililopakwa vanishi nyeusi, likaokwa tanurini, kisha likanakshiwa kwa rangi na dhahabu. Masinia ya namna hiyo yalianza kutengenezwa Wales na Uingereza katika karne ya 18, na baadaye yakatengenezwa pia Marekani na Urusi. Mengi yamesalia hadi leo katika majumba ya makumbusho na katika nyumba za watu. Yaliyosalia aghalabu yamefifia, yamechubuka na kushika kutu pembezoni. Swali linalowakabili wenye kuyamiliki ni hili: je, sinia la aina hiyo lisuguliwe na kupakwa upya ili ling'are, au ngozi yake ya kwanza iachwe kama ilivyo?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tabaka la asili la sinia, yaani vanishi, rangi na dhahabu aliyoiweka fundi wa kwanza, ni hati ya historia, na kwamba anayelifuta hupoteza ushahidi ambao hauwezi kurejeshwa. Suala hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, miongoni mwa vanishi zilizosifika zaidi katika karne ya 19 ni zile zilizotengenezwa kwa sandarusi iliyochimbwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Pili, kanuni inayomwongoza mhifadhi wa sinia inakaribiana mno na ile inayopaswa kumwongoza mhariri wa matini za kale.

2. Kutoka Japani hadi Wales

Asili ya ufundi huu ni urushi, utomvu wa mti unaokua Uchina, Korea na Japani. Utomvu huo hupakwa juu ya mbao katika matabaka mengi membamba, na jambo la ajabu ni kwamba haugandi kwa kukaushwa juani, bali hugandia katika chumba chenye unyevu. Ukishaganda huwa mgumu, mweusi na wenye kung'aa, wala hauathiriwi kwa urahisi na maji. Katika karne ya 16 na ya 17, Wareno na kisha Waholanzi walisafirisha makasha na sahani za Kijapani zilizopakwa urushi hadi Ulaya, ambako matajiri walizigombea.

Mafundi wa Ulaya walitamani kuufuata ufundi huo, lakini mti wenyewe hawakuwa nao, na utomvu wake haukustahimili safari ndefu ya bahari. Ikawabidi watafute mbadala. Mwaka 1688, John Stalker na George Parker walichapisha mjini Oxford kitabu kilichoeleza namna ya kuiga kazi ya Japani kwa kutumia shelaki na gundi nyingine za miti. Tangu wakati huo, lugha ya Kiingereza ikalichukua jina la nchi, japan, ikaligeuza kuwa kitenzi chenye maana ya kupaka vanishi ya kuiga urushi. Wachunguzi wa maneno watatambua kuwa mchakato huu ni uleule uliozaa sinia: jina la mahali hubandikwa kitu, kitu kikasafiri, hatimaye jina likabaki peke yake.

Hatua ya kutoka mbao kwenda chuma ilipigwa katika mji mdogo wa Pontypool, kusini mwa Wales. Huko familia ya Hanbury ilikuwa na kiwanda cha chuma, na mwanzoni mwa karne ya 18 kilikuwa kimefanikiwa kukandamiza chuma kwa magurudumu hadi kikawa bati jembamba lililo sawa, kisha kulifunika bati hilo kwa madini ya stani ili lisishike kutu. Thomas Allgood, aliyefanya kazi katika kiwanda hicho na kufariki mwaka 1716, alifanya majaribio ya vanishi inayoweza kushikamana na bati. Mwanawe, Edward Allgood, ndiye aliyeanzisha karakana ya biashara mnamo 1730. Baada ya ugomvi wa kifamilia, tawi moja la ukoo huo lilihamia mji jirani wa Usk katika miaka ya 1760. Karakana ya Pontypool ilifungwa mapema katika miaka ya 1820, na ile ya Usk iliendelea hadi yapata 1860.

Soko la masinia haya liliwezeshwa na chai. Kadiri unywaji wa chai ulivyoenea Uingereza katika karne ya 18, ndivyo kila nyumba yenye uwezo ilivyohitaji chombo cha kuletea birika, vikombe na sukari mbele ya mgeni. Sinia la fedha lilikuwa ghali. La mbao liliharibiwa na maji ya moto. Sinia la chuma lenye vanishi lilijaza nafasi hiyo. Kazi ikaenea hadi Birmingham, Wolverhampton na Bilston, ambako karakana zilikuwa kubwa kuliko za Wales.

Miongoni mwa waliotajirika Birmingham alikuwemo John Baskerville, ambaye jina lake linafahamika zaidi kwa wanaoshughulika na vitabu. Kabla ya kusanifu herufi za chapa zinazoitwa kwa jina lake hadi leo, na kabla ya kuchapisha toleo lake maarufu la mashairi ya Virgil mwaka 1757, Baskerville alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vilivyopakwa vanishi, naye alipata hataza ya kazi hiyo mwaka 1742. Fedha alizotumia katika uchapaji zilitokana na biashara hiyo. Edward Bird naye, mzaliwa wa Wolverhampton ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini London, alianza maisha ya kazi kwa kuchora picha juu ya masinia ya chai. Kwa hiyo, pambo la sinia halikuwa kazi ya kudharauliwa, ingawa mafundi wengi walioifanya, wanaume kwa wanawake, hawakuandika majina yao popote.

3. Jinsi tabaka la asili lilivyojengwa

Ili kuielewa hoja ya uhifadhi, ni lazima kwanza ifahamike jinsi ngozi ya sinia ilivyojengwa. Bati lilikatwa, likapigwa umbo, kingo zake zikakunjwa. Kisha lilipakwa vanishi iliyochanganywa na lami ya asili, mafuta ya mbegu za kitani na tapentaini. Baada ya kila mpako, sinia liliingizwa katika tanuri lenye joto la kadiri na kuachwa humo kwa saa nyingi, pengine kwa siku kadhaa. Mpako ulirudiwa, na kila ulipokauka ulisuguliwa kwa unga laini wa jiwe hadi uso ukawa kama kioo. Fundi aliyetaka rangi ya gamba la ng'amba aliiacha vanishi iwe nyembamba, au aliweka madoa mekundu na ya fedha chini yake, ili mwanga upenye na kurudi ukiwa na wekundu wa hudhurungi.

Juu ya msingi huo ndipo ilipowekwa nakshi: maua, vipepeo, mandhari za Kichina zilizobuniwa na watu wasiowahi kufika Uchina, na ukingo wa dhahabu. Dhahabu yenyewe ilibandikwa kwa karatasi zake nyembamba sana, au nafasi yake ilichukuliwa na unga wa shaba uliopulizwa juu ya gundi isiyokauka bado. Mwisho wa yote, nakshi ilifunikwa kwa vanishi angavu ya kuilinda.

Maelezo haya yanadhihirisha kuwa tabaka la asili si kitu kimoja bali ni mfululizo wa maamuzi. Kila karakana ilikuwa na mchanganyiko wake, mpangilio wake wa matabaka na mkono wake wa kuchora ukingo. Masinia ya Pontypool na Usk, kwa mfano, kwa kawaida hayana alama ya mtengenezaji. Anayetaka kujua sinia limetoka wapi hana budi kulisoma katika ngozi yake: ugumu na kina cha weusi wake, idadi ya mipako, namna kipepeo alivyochorwa kwa mipigo michache ya brashi. Ngozi hiyo ikiondolewa, kinachobaki ni kipande cha bati chenye umbo la duara au mstatili, ambacho kingeweza kutoka karakana yoyote.

4. Sandarusi: mchango wa pwani ya Afrika ya Mashariki

Vanishi angavu iliyofunika nakshi ndiyo inayoiunganisha historia hii na pwani ya Waswahili. Katika karne ya 19, malighafi iliyosifiwa kuliko zote kwa vanishi ngumu ilikuwa ile ambayo Wazungu waliiita kopali ya Zanzibar, na Waswahili wakaiita sandarusi. Huu ni utomvu uliogandamana wa msandarusi, mti ambao wanabotania huuita Hymenaea verrucosa, unaopatikana katika pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji pamoja na Bukini. Majina yenyewe yanastahili kuangaliwa. Neno sandarusi limepitia Kiarabu, sandarus, na asili yake inafika hadi katika Kigiriki. Kopali, kwa upande mwingine, ni neno la Kinahuatl cha Mexico lililobebwa na Kihispania. Hivyo utomvu wa Mrima uliuzwa London na Salem kwa jina la Waazteki.

Matumizi ya sandarusi ni ya kale sana. Utafiti wa kikemikali uliochapishwa mwaka 2015 ulibainisha kuwa mabaki yaliyofukuliwa Unguja Ukuu, ya karne ya 7 na ya 8, yalikuwa sandarusi iliyochomwa kama ubani. Biashara kubwa ya nje, hata hivyo, ilipamba moto baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts, walitia nanga Unguja wakiwa na vitambaa vya pamba, wakarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Konsuli wa kwanza wa Marekani kukaa Unguja, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mwenyeji wa mji huohuo.

Sandarusi bora haikukusanywa mitini. Ilichimbwa ardhini, mahali ambapo misitu ilikuwa imekwisha kutoweka zamani, na Wazaramo ni miongoni mwa waliofanya kazi hiyo nyuma ya pwani ya Mrima. Vipande vilivyochimbwa vilikuwa na ganda lenye vipele vidogo vidogo, ambalo wafanyabiashara wa Kizungu walilifananisha na ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa manyoya. Kwa ganda hilo mnunuzi alitambua kuwa kipande ni cha kale na kigumu. Utomvu mbichi, ambao ulikuwa laini na wa bei ndogo, Waswahili waliuita chakazi. Richard Burton, aliyekuwa Unguja na bara kati ya 1856 na 1859, ameeleza jinsi Wazungu wa Unguja walivyolisikia neno hilo vibaya na kulifanya jackass, yaani punda dume. Likaingia hivyo katika vitabu vya biashara ya vanishi, na kwa miongo mingi wapakaji rangi wa Uingereza wakazungumza juu ya kopali ya punda bila ya kujua kuwa wanatamka neno la Kiswahili.

Sandarusi ngumu haiyeyuki kwa urahisi katika tapentaini. Mpika vanishi alilazimika kwanza kuiyeyusha kwa moto mkali, kisha kuimiminia mafuta ya kitani yaliyochemka, kazi iliyokuwa na hatari kubwa ya kuwaka. Matokeo yake yalikuwa vanishi iliyostahimili msuguano na unyevu, na kwa sababu hiyo ilipendwa na watengenezaji wa magari ya farasi, samani na vyombo vya ndani. Haiwezekani kwa jicho tupu kusema kwamba vanishi ya sinia fulani ina sandarusi ya Unguja au kopali ya mahali pengine. Maabara ndiyo inayoweza kutafuta alama za kikemikali za utomvu huo, miongoni mwake asidi ambayo wanakemia wameipa jina la Zanzibar, ingawa moto wa kuyeyushia huzipunguza alama hizo. Jambo la kuzingatia ni kwamba maabara huhitaji chembe ya vanishi ya asili. Vanishi hiyo ikishakwanguliwa na kutupwa, swali la kama jasho la mchimbaji wa Mrima lilifika katika meza ya chai ya Wolverhampton halitajibiwa kamwe kwa sinia hilo.

5. Namna masinia yalivyopoteza ngozi zao

Katikati ya karne ya 19, biashara ya masinia ya vanishi ilianza kuporomoka. Ufundi wa kupaka fedha kwa umeme, uliopewa hataza kwa akina Elkington wa Birmingham mwaka 1840, uliwawezesha watu wa kipato cha kati kupata vyombo vilivyofanana na fedha. Masinia meusi yakasukumwa jikoni, darini na stoo. Huko yalipata adui wawili, yaani unyevu na usafi wa kupita kiasi.

Unyevu huingia penye mkwaruzo, chuma kikaanza kutu chini ya vanishi, na kutu hiyo, kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huiinua rangi hadi ikabanduka. Usafi nao hudhuru kwa njia yake. Maji ya moto na sabuni hulainisha vanishi kuukuu. Spiriti huyeyusha shelaki. Na mafuta ya kitani ambayo watu walishauriwa kuyapaka ili kurudisha mng'ao hukauka na kuwa utando wa hudhurungi ambao ni taabu kuuondoa bila ya kung'oa nakshi iliyo chini yake.

Hata hivyo, hasara iliyo kubwa zaidi ilisababishwa na mapenzi. Marekani ilikuwa na masinia yake, yaliyotengenezwa na mafundi wa bati wa Connecticut, Maine na kwingineko tangu karne ya 18 na kuuzwa na wachuuzi waliozunguka vijijini. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wapenzi wa vitu vya kale waliyatafuta masinia haya, wakayachovya katika magadi makali hadi bati likawa tupu, kisha wakayapaka michoro mipya waliyoiona kuwa mizuri zaidi. Walidhani wanayaokoa. Wakati huohuo palikuwa na aliyeona vingine. Esther Stevens Brazer, wa ukoo wa fundi Zachariah Stevens wa Maine, alitumia miaka mingi kunakili michoro ya asili kabla haijapotea, akipima kila mstari na kuandika rangi na mpangilio wa mipako. Kitabu chake kuhusu mapambo ya kale ya Marekani kilitoka mwaka 1940. Alifariki mwaka 1945, na mwaka uliofuata wanafunzi wake wakaunda chama cha kuendeleza kazi hiyo, ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Chama cha Kihistoria cha Mapambo ya Kale ya Marekani. Leo, kwa baadhi ya vyombo ambavyo vimekwisha kufutwa, nakala za aina hiyo ndizo shahidi pekee.

6. Misingi ya uhifadhi

Mhifadhi wa leo huanza kwa kuandika, si kwa kusafisha. Sinia hupigwa picha mbele na nyuma, kwa mwanga wa kawaida, kwa mwanga wa ubavuni unaoonyesha mabonde na mikunjo, na kwa mionzi ya urujuanimno, ambayo huifanya shelaki ing'ae kwa rangi ya machungwa na hivyo kuitofautisha na gundi nyingine. Panapohitajika, chembe ndogo kuliko punje ya mchanga huchukuliwa kandokando ya sehemu iliyokwisha kubanduka, ikatazamwa ubavu wake katika hadubini, na matabaka yakahesabiwa mmoja baada ya mwingine kama pete za mti.

Hatua inayofuata ni kuzuia uharibifu usiendelee. Vumbi huondolewa kwa brashi laini. Rangi inayoinuka hurudishwa mahali pake kwa gundi ambayo inaweza kuyeyushwa tena baadaye bila ya kuidhuru rangi, kwa mfano Paraloid B-72. Kutu iliyo wazi hupunguzwa kwa mkono chini ya lenzi, bila ya kuivuka mipaka yake. Sinia halichovywi majini, wala halipakwi dawa za kung'arishia za dukani. Baada ya hapo linawekwa mahali pakavu, ambapo unyevu wa hewa hauzidi asilimia 50, mbali na jua. Mwenye sinia nyumbani anaweza kuyafuata mengi ya haya bila ya gharama: asilitumie kwa vikombe vya moto, asilitundike juu ya jiko, na asiruhusu mtu kulipaka mafuta kwa nia njema. Mwenyeji wa pwani ana sababu zaidi ya kuwa mwangalifu, kwa kuwa chumvi ya hewa ya bahari huharakisha kutu.

Pengo katika mchoro huzua mjadala. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ulioandikwa kwa ajili ya majengo ya kale lakini ukaathiri taaluma nzima ya uhifadhi, umeweka kanuni mbili zinazofaa hapa: ukarabati ukome pale makisio yanapoanza, na sehemu iliyoongezwa itambulike kuwa imeongezwa. Kwa msingi huo, pengo katikati ya ua hutiwa rangi tulivu inayopunguza mshtuko wa jicho, lakini petali isiyojulikana haibuniwi.

Ni haki kuyasikiliza mapingamizi. Huko Japani, kitu cha urushi kilichochakaa kwa desturi hupakwa urushi upya na fundi wa ufundi uleule, na jambo hilo huhesabiwa kuwa ni kukiheshimu. Kasha maarufu la Mazarin, lililotengenezwa Japani yapata 1640 na kuhifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert mjini London, lilishughulikiwa kuanzia mwaka 2004 kwa ushirikiano wa wataalamu wa mila zote mbili, ikiwemo kujadili la kufanya kuhusu vanishi ambazo Wazungu walikuwa wameongeza juu ya urushi. Funzo lake ni kwamba tabaka la asili halitambuliwi kwa pupa. Ukarabati wa kale nao unaweza kuwa sehemu ya maisha ya chombo. Tofauti ni kwamba fundi wa urushi hurithi ufundi usiokatika, ilhali karakana za Pontypool na Usk zimekwisha, na mchanganyiko wao umebaki ndani ya vyombo vyenyewe tu.

7. Sinia na matini

Msomi wa lugha atakuwa ameona sinia hili linakoelekea. Miswada ya tenzi za kale iliandikwa kwa hati za Kiarabu, ikanakiliwa na mikono mingi, na lahaja zake ni zile za mahali ilipotungwa. Katika Kiamu, kwa mfano, macho ni mato, njia ni ndia, na nchi ni nti. Baada ya Kamati ya Lugha kuanza kazi mwaka 1930 na Kiswahili Sanifu kujengwa juu ya Kiunguja, kishawishi cha kusawazisha kilikuwa kikubwa. Mhariri anayebadilisha mato kuwa macho anafanya kazi ileile ya aliyechovya sinia katika magadi. Matini hung'aa, msomaji wa kawaida hufurahi, lakini kina cha beti huvunjika, na pamoja nacho hupotea ushahidi wa lahaja, wa mahali na pengine wa wakati wa utunzi. Na kama vile bati tupu halisemi limetoka Usk au Bilston, ndivyo ubeti uliosawazishwa usivyosema umetoka Pate au Mombasa.

Haimaanishi kuwa matini za kale zisichapishwe kwa namna inayosomeka. Maana yake ni kwamba usomekaji upatikane katika maelezo ya pembeni, si katika kufuta kilichoandikwa. Pengo la muswada uliotobolewa na mchwa lionyeshwe kuwa ni pengo; pendekezo la mhariri liwekwe katika mabano, ili atakayekuja baadaye na muswada bora aweze kuliondoa. Hizi ni kanuni za Paraloid na za Mkataba wa Venice zikitumika katika karatasi.

Hata kosa linastahili ulinzi. Kama msahihishaji mwenye bidii angeliondoa neno la punda katika vitabu vya biashara ya vanishi kwa kuliona la upuuzi, chakazi lingekuwa limekatiwa njia yake ya kwenda Ulaya. Kosa hilo lililoachwa kama lilivyo ndilo linaloonyesha kuwa palikuwa na Mswahili aliyetamka na mgeni aliyesikia, ufukweni mwa Unguja, mbele ya mizani.

8. Hitimisho

Mhadhara huu umefuatilia sinia la chuma kutoka katika urushi wa Japani hadi matanuri ya Wales, na vanishi yake kutoka mashimo ya Mrima hadi meza za chai. Imeonekana kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo haikuandikwa na waliohusika. Wachoraji wengi wa Bilston hawakutia saini, wala wachimbaji wa sandarusi hawakuacha daftari. Kilichobaki ni tabaka jembamba la rangi na vanishi, na maneno machache yaliyoganda kama sandarusi yenyewe: sinia, japan, kopali, chakazi.

Anayekabidhiwa sinia la namna hiyo, au muswada, au neno la lahaja linaloelekea kusahaulika, anakabidhiwa amana ambayo si yeye aliyeianza wala si yeye atakayeimaliza. Wajibu wake wa kwanza ni kuinukuu, wa pili ni kuzuia isizidi kuharibika, na wa tatu ni kuiacha katika hali ambayo mwingine ataweza kuisoma upya. Kung'ara si miongoni mwa wajibu huo.